Baba Aliyeirudisha Mikorosho 24

Mwenye kusimama ukingoni mwa Newala, mahali ambapo wenyeji hupaita Shimo la Mungu, huiona nchi ikikatika ghafla miguuni pake. Uwanda wa juu wa Makonde huishia hapo. Chini ni bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Kijiji chetu kiko kwenye ukingo huo huo, mwendo wa saa chache kutoka mjini, na ndipo Marehemu Baba alipozoea kusimama kila siku baada ya swala ya Alfajiri, kanzu yake ya kazi imefungwa kiunoni, akilisikiliza bonde kabla ya kuliona.

Alifariki dunia katika mwezi wa Shaaban akiwa amevuka umri wa miaka 80. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Umri wake tuliuhesabu kwa matukio. Jina lake sitaliandika. Alipokuwa mgonjwa alituambia kwamba aliyoyafanya kwa ajili ya Mola wake hakutaka yawe mapambo ya jina. Nimeiheshimu kauli hiyo. Lakini hakutukataza kuisimulia kazi yenyewe, na naamini ipo familia leo, iwe Newala, Masasi, Tandahimba au mbali zaidi, inayohitaji kuisikia.

Mwindaji na mlinaji asali

Baba alikuwa mtu wa porini. Kilimo alikifanya kama kila mtu wa uwandani: muhogo, mtama, mbaazi, kunde na korosho. Lakini moyo wake ulikuwa msituni. Aliijua miti kwa maganda yake hata usiku. Alijua mahali ming'oko inapochimbwa mwezi wa njaa, na alijua ni mti upi ukiota mahali fulani nyuki hawatauacha mzinga mtupu.

Alipokuwa kijana alimwona kwa macho yake Constantine Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki ambaye watu walimwita Bwana Nyoka. Bwana huyo alikuwa ofisa wa wanyamapori huko Liwale na ni miongoni mwa watu walioliimarisha pori la Selous. Katika miaka yake ya baadaye aliishi Newala akikamata nyoka kwa ajili ya makumbusho na bustani za wanyama za nchi za mbali. Alifariki mwaka 1968, na vitabu vimeandikwa juu yake kwa Kiingereza. Baba alikuwa akitabasamu kila ilipotajwa habari hiyo. "Yeye alikuja na fimbo yake," alisema, "lakini aliyemwambia moma amelala chini ya kichaka gani alikuwa mtoto wa hapa." Maneno hayo hayakuwa na kinyongo. Lakini yalinifanya nifikiri juu ya wazee wetu wangapi waliolijua pori kama kiganja cha mkono, wakaondoka bila hata ukurasa mmoja.

Gobore alikuwa nalo, na leseni alikuwa nayo. Aliwinda funo, pongo na kanga, na alilinda mashamba ya kijiji dhidi ya nguruwe pori, ambao aliwaua bila kuwagusa zaidi ya hapo. Sisi watoto alituchukua kwa zamu kulala naye katika dungu, kibanda kile cha juu cha kulindia shamba, wa kike kwa wa kiume bila kubagua. Mimi, binti yake mkubwa, nililala dunguni misimu minne. Huko ndiko nilikojifunza dini kabla sijaijua kwa kitabu.

Alitufundisha kwamba Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Newala. "Jua linapochomoza liweke bega la kulia," alisema, "uso wako umeshaelekea Kaaba." Baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilifungua ramani nikaona kwamba Newala na Makka zinakaribiana mno katika mistari ya longitudo. Mzee ambaye hakupita darasa la nne alikuwa sahihi.

Alitufundisha kutaja jina la Allah kabla ya kufyatua, kama inavyoelekezwa katika Surat al-Maida, aya ya 4. Mtego wa waya aliukataa katakata. Aya ya 3 ya sura hiyo hiyo yamtaja mnyama aliyekufa kwa kunyongeka kuwa ni haramu, na mtego wa waya, alisema, huua kwa kunyonga, tena taratibu, na huua asiyekusudiwa. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha hakuwapiga. Maji ya kunywa yalipokuwa haba, alitayamamu kwa mchanga safi wa uwanda, akatuambia kwamba Mola aliyeinyima nchi hii mito ameijaza udongo wa kutayamamia.

Wanyama walipopungua, yeye mwenyewe aliliangika gobore ukutani. Hakuna aliyemwamuru. Alijiunga na walinzi wa wanyamapori wa kijiji, akawa anawakamata vijana wenye nyaya na kuwaketisha chini kwa nasaha kabla ya kuwafikisha kwa viongozi. Leo wanyama wengi wa ukanda wetu wamebaki katika mapori ya akiba, kama Lukwika-Lumesule na Msanjesi. "Tulikula fungu letu," alisema, "tusile na la wajukuu."

Kilichobaki kwake ni nyuki. Mizinga yake ya magome aliitundika kwenye miombo ya bondeni, akalina asali usiku kwa moshi wa taratibu, na kila mzinga aliuachia nyuki masega yao. Kila Ramadhani asali ya kwanza haikuja nyumbani kwetu. Ilikwenda kwa imamu, kwa wajane wa kijiji, na kwa jirani zetu wawili Wakristo ambao walikuwa wazee na hawana mtoto karibu.

Mume aliyebeba maji

Wanaoijua nchi yetu wanajua kwamba uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua inyeshapo, mchanga huinywa yote. Kabla bomba halijafika kijijini kwetu, mama zetu walishuka mteremko gizani kufuata visima vya bondeni, wakapanda na ndoo kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mwanamke aliweza kumaliza nusu ya siku yake kwa ndoo moja.

Maji yalikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyeonekana na ndoo alichekwa. Baba alinunua baiskeli kwa fedha ya korosho, na jambo la kwanza alilofanya nayo si kwenda mjini. Alifunga madumu mawili ya lita 20, akashuka hadi pale njia inapokubali, akapanda akiisukuma. Wenzake walimwita "mke mwenza wa mkewe". Alicheka nao. Kisha aliwauliza kama wameisikia hadithi iliyopokewa kutoka kwa Bi Aisha (RA), alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye akajibu kwamba alikuwa akiihudumia familia yake. Hakuna aliyeweza kubishana na hilo. Mwaka wa tatu baiskeli za maji zilikuwa nne kijijini.

Mama aliniambia, katika siku za eda yake, kwamba katika ndoa ya miaka zaidi ya 50 waligombana mara nyingi, lakini hakumbuki siku aliyolala na kiu.

Mali ya mjomba

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Wasomaji wa bara na visiwani huenda hawajui kwamba sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa mila tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mzee wa familia ni mjomba. Na mwanamume afapo, kwa mila ya zamani, mali yake haiendi kwa watoto wake wa kuwazaa. Huenda kwa wana wa dada zake. Mila hiyo ilikuwa na hekima yake: ilimlinda mwanamke asitupwe na ilimpa kila mtoto mjomba wa kumtetea. Uislamu ulipopanda kutoka pwani, Lindi, Mikindani na Kilwa, kwa njia za misafara, waalimu na zawiya, babu zetu waliupokea kwa moyo wote katika swala, saumu na mazishi. Lakini katika mirathi, nyumba nyingi zilibaki na mguu mmoja huku na mmoja kule.

Mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, mjomba wake Baba alifariki. Aliacha mke, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, na mikorosho 24 iliyokuwa imeanza kuzaa vizuri. Ndugu walikaa, wakaamua kama ilivyokuwa ikiamuliwa daima: mikorosho ni ya mpwa. Mpwa huyo alikuwa Baba, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mjane alifunga mizigo yake, akawashika watoto mikono, akateremka kurudi kwao upande wa Masasi. Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyeona kuwa dhuluma imetendeka. Baba mwenyewe aliwasindikiza hadi njia panda.

Mkorosho ni mti wa subira. Wareno waliuleta katika pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili karne nyingi zilizopita, na ukitunzwa huzaa kwa makumi ya miaka. Miti ile 24 ilimlipia Baba mahari. Ilinunua baiskeli ya maji. Wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, tulipohamishiwa kijiji kipya na makao ya zamani yakawa mahame, Baba alikuwa akirudi kwa miguu kuipalilia. Alipanda na ya kwake pembeni, mmoja mmoja, hadi ikafika 96. Kwa jumla ikawa 120. Sisi watoto tulisoma kwa miti hiyo.

Aya iliyomnyima usingizi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika darsa la Ramadhani, ustadhi mmoja kijana aliyekuja kijijini kwetu alifasiri Surat an-Nisaa. Alipofika aya ya 10, inayowaonya wale wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma kwamba wanajaza moto matumboni mwao, Baba alikuwa ameketi safu ya pili. Ustadhi aliendelea na aya za 11 na 12, akataja mafungu: mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, mke thumni ikiwa marehemu ameacha watoto. Watu waliitikia. Baba hakuitikia.

Usiku ule hakula daku. Mama alimkuta ameketi ukumbini. Alimuuliza kama anaumwa. Alijibu, "Wale watoto wa njia panda walikuwa mayatima."

Kwa siku kadhaa alijitetea mbele ya nafsi yake, na alitusimulia utetezi wenyewe bila kuficha. Kwamba hakuiba; alipewa na wazee. Kwamba hakujua. Kwamba imepita miaka 30. Kwamba ameipalilia, ameipulizia dawa, ameilinda na moto. Kwamba akiirudisha, wapwa zake mwenyewe watauliza kwa nini mila iliyomnufaisha yeye ifie kwao. Alikwenda kwa imamu mzee na hoja hizo zote. Imamu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba kutojua kwake huenda kukawa udhuru kwa miaka iliyopita, lakini tangu usiku wa darsa amekwisha kujua.

Idi ilipopita, Baba alimwita Mama, akamweleza hesabu. Mwaka ule tulikuwa tumepanga kuezeka nyumba kwa bati. Akirudisha miti 24 pamoja na mapato ya msimu ule wa miti hiyo, bati hazitakuwapo. Mama alikuwa akisonga ugali wa muhogo. Hakuuacha mwiko. Alisema, "Nyumba ya nyasi isiyo na deni hulaliwa usingizi. Nenda."

Safari ya Masasi

Masasi iko chini ya uwanda, nchi ya vilima vya mawe vinavyosimama peke yake kama ngamia waliolala. Ni mji wa mchanganyiko: misikiti yake iko karibu na kanisa la Waanglikana, ambao misheni yao ilianzishwa huko mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Baba alikwenda huko na galoni moja ya asali na jina la mjane aliyekuwa amemsindikiza miaka 30 iliyopita. Alizunguka siku mbili sokoni na misikitini akiuliza. Siku ya tatu, baada ya swala ya Adhuhuri, mzee mmoja muuza mikeka alimwonyesha nyumba.

Mjane alikuwa amefariki. Aliwakuta watoto wake wote wawili: dada, ambaye sasa alikuwa mama wa watu wazima, na kaka yake, fundi wa baiskeli. Waliketi barazani. Baba alisema alichokuja kusema, na katika kusema alitumia neno ambalo kwetu mwanamume mkubwa hulitumia kwa shida. Alisema, "Nilikuleni."

Yule dada alinyamaza kitambo. Kisha akajibu, "Kaka, hatukudai. Lakini tulikuwa tukijua."

Baba alituambia kwamba katika maisha yake ameshambuliwa na nyati mara moja na ameumwa na nyoka mara moja, wala hakuna kilichomchoma kama maneno hayo. Maana alikuwa amejituliza kwa kudhani kwamba, kwa kuwa hawakupiga kelele, hawakujua. Kumbe mtoto wa kike wa miaka saba aliteremka ule mteremko akiwa anaijua idadi ya miti ya baba yake. Aliitaja: 24. Na alijua ule uliokuwa umepindia mashariki.

Walikwenda wote watatu kwa sheikh wa hapo. Hesabu yake ni fupi, nami naiweka hapa kwa faida ya wasomaji. Katika miti 24, mke alistahili thumni, yaani miti 3. Iliyobaki 21 ni ya watoto: wa kiume 14, wa kike 7. Mama yao alipofariki, fungu lake la miti 3 likarithiwa na hao hao: wa kiume 2, wa kike 1. Jumla kaka alipata 16 na dada 8. Mapato ya msimu ule Baba aliyakabidhi papo hapo. Kuhusu mavuno ya miaka iliyopita, aliwaambia hana uwezo wa kuyalipa, akaomba ama wamwekee deni ama wamsamehe. Kaka alisamehe siku ile ile. Dada aliomba apewe usiku mmoja afikiri. Asubuhi alisamehe. Baba alimheshimu zaidi kwa usiku ule mmoja, kwa kuwa alijua kwamba msamaha wake umepimwa.

Nyumba yetu ilibaki ya nyasi miaka minne zaidi. Kila msimu, ndugu zetu wale wa Masasi walipopanda kuvuna, walifikia kwetu. Watoto wao na sisi tuliokota mabibo pamoja. Hivyo tulipata ukoo ambao tulikuwa tumeupoteza njia panda.

Siku ya tatu ya msiba

Alipofariki, tulimzika kabla ya Alasiri. Wa Masasi walikuja, wa kijiji walikuja, na jirani zetu Wakristo walichimba kaburi pamoja na vijana wa msikiti. Imamu aliuliza, kama ilivyo desturi, nani anamdai marehemu. Alijitokeza mmoja tu: muuza duka wa deni la sukari na sabuni. Lililipwa pale pale.

Siku ya tatu alisimama mpwa mkubwa wa Baba, mtoto wa shangazi yetu. Sitaki asomwe vibaya. Ni mtu mwema, na alikuwa na hoja. Tangu utoto wake alikuwa amelima na mjomba wake, amepanda naye miti, ametundika naye mizinga, akiamini kama kila kijana wa mila yetu kwamba siku moja vitakuwa vyake. "Mjomba alirudisha ya mjomba wake," alisema, sauti ikitetemeka. "Vizuri. Na jasho langu je?" Baadhi ya wazee walitikisa vichwa kumuunga mkono. Kaka yangu mdogo aliinuka kwa hasira. Nilimshika kanzu.

Imamu akatoa karatasi. Baba alikuwa ameandika wasia miaka sita kabla, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na kila Ramadhani aliupitia upya. Ulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni madeni yake. Ya pili, kwamba mikorosho 96 igawanywe kwa Kitabu cha Allah na si vinginevyo. Ya tatu ilikuwa ya wapwa. Aliandika kwamba hawarithi, kwa kuwa marehemu ana watoto, lakini jasho lao analijua. Kwa hiyo anawausia mizinga yake yote 12, vifaa vya kulinia, na haki ya kuvuna kwenye miti aliyoizoea. Thamani yake haikufika theluthi ya mali, ambayo ndiyo mpaka wa wasia kama Mtume (SAW) alivyomwelekeza Saad bin Abi Waqqas. Na aliandika mstari mmoja wa ziada, kwamba mpwa mkubwa alishalipwa ujira wa palizi kila msimu tangu mwaka ule wa darsa, na daftari liko sandukuni. Ikaletwa daftari. Ilikuwa kweli. Yule mpwa alikuwa ameichukulia fedha ile kama zawadi. Baba alikuwa akiiandika kuwa ni ujira, ili pasiwe na jasho lililomlilia kaburini.

Mgawanyo wa miti 96 haukuchukua nusu saa. Wazazi wa Baba walikwisha kutangulia. Mama alipata thumni: 12. Iliyobaki 84 ikagawanywa kwa ndugu watano, wa kiume wawili na wa kike watatu: kila mwanamume 24, kila mwanamke 12. Gobore lilikabidhiwa polisi, kama sheria inavyotaka.

Mpwa aliondoka bila kula. Hatukumlaumu. Wiki sita zilipita bila kumwona. Jioni moja alipita uani, amebeba chungu. Mama alikuwa ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi, na yeye si maharimu wake, basi hakuingia. Aliniita mimi, akanikabidhi. Ilikuwa asali ya kwanza ya mizinga ile. "Mpe shangazi," alisema. "Nimeyaachia nyuki masega yao." Akaenda zake.

Kwa familia zetu

Sijaandika haya ili kumsifu Baba. Yeye sasa yuko kwa anayemjua kuliko sisi. Nimeandika kwa sababu msimu wa korosho unakuja, na kila msimu katika wilaya zetu mjane fulani hufunga mizigo, na watoto fulani husindikizwa njia panda. Wengine hufukuzwa kwa jina la mila. Wengine, na hili ni baya zaidi, hufukuzwa kwa jina la dini na kaka wanaowanyima dada zao mafungu yao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mambo ni machache na yako ndani ya uwezo wako. Andika wasia wako. Mtume (SAW) ametuhimiza kwamba mwenye cha kuusia asikae hata siku mbili bila wasia ulioandikwa. Orodhesha madeni yako, na miti yako, na uliyoazima. Shuhudisha watu wawili waadilifu. Usimuusie mrithi, usivuke theluthi. Wapwa na jamaa waliokufanyia kazi, walipe ungali hai, uandike. Unapofiwa, madeni na wasia vitangulie, ndipo mafungu yafuate. Na ili jambo lisimame mbele ya serikali pia, familia iende Mahakama ya Mwanzo iteue msimamizi wa mirathi, na ikibidi imwombe sheikh wa wilaya aandike mafungu.

Na kama kuna mali mkononi mwako iliyokufikia kwa njia ya mila, wakati wenyewe walikuwa wadogo na hawana sauti, usitulie kwa kuwa hawakupiga kelele. Huenda wanajua idadi ya miti.

Miti yangu 12 iko mahameni, mpakani mwa mikorosho 8 ya shangazi yetu wa Masasi. Nikienda kupalilia alfajiri, naliweka jua bega la kulia na kuswali pale alipokuwa akiswali. Allah amrehemu Baba, amsamehe, amkubalie alichokirudisha, na awalipe kheri waliomsamehe. Amin.